Mabakuli Mawili ya Kunong'onea

Jumatatu, tarehe 3

Daftari hili nimepewa na mdogo wangu, fundi cherehani. Alilinunua la kuandikia vipimo vya wateja, akaona mistari yake imebanana mno. Nimelichukua kwa sababu nusu ya yanayosemwa katika nyumba hii siyasikii. Miaka ishirini na tano ya mashine ya kukatia mawe imelimaliza sikio la kushoto, na la kulia linajikongoja. Angalau nikiandika nitajua nimekosa nini.

Leo mwalimu wa hesabu wa shule ya hapa jirani amekuja uani kwetu na kazi. Anataka mabakuli mawili makubwa ya saruji yasimamishwe kwenye uwanja wa shule, yakitazamana, hatua thelathini kati yake. Mtoto akinong'ona mbele ya moja, mwenzake aliyekaa kwenye la pili anamsikia. Yawe tayari kabla shule haijafungwa, tarehe 25 ya mwezi ujao.

"Siyo bakuli la kawaida, Fundi. Umbo lake ni parabola."

Nikamwambia nimejenga matao, matangi na choo cha duara, hilo halitanishinda.

Akaokota kijiti akachora chini: mstari mmoja ulionyooka, na juu yake nukta moja aliyoiita fokasi. "Kila mahali kwenye mpindo huu," akasema, "ukipima mpaka kwenye nukta na ukipima mpaka kwenye mstari, unapata urefu uleule." Kisha akasema hata tofali tunalorushiana kutoka chini mpaka jukwaani linapita angani kwa umbo hilohilo. La tofali nililisikia vizuri na likanifurahisha. Mengine aliyasema akiwa amemgeukia Baba, na sikio langu zima lilikuwa upande wa barabarani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. Mwalimu alipomwamkia shikamoo, aliinua mkono tu. Tangu operesheni ya koo mwaka jana sauti yake imekwenda, umebaki mnong'ono. Haruhusu mtu kusogelea shingo yake isipokuwa mdogo wangu, ambaye humsafisha kidonda. Mimi nikisogeza sikio, ananisukuma kichwa kama mbuzi aliyeingia jikoni. Kuandika hakuwezi, namba za futi anazijua zote, herufi hakuzifuata. Kwa hiyo Baba husema, mdogo wangu husikia, mimi huletewa.

Mwalimu alipoondoka, Baba aliutazama mchoro kwa muda, akanong'ona maneno mengi huku akigonga ule mstari kwa fimbo.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Amesema sawa," akajibu mdogo wangu.

Jumanne, tarehe 4

Mvua ya kwanza. Hakuna kazi.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeanza hapa uani kwetu. Njia yangu ni hii: nalundika mchanga mbichi mpaka upate umbo la bakuli lililofunikwa, nausugua kwa kibao kinachozunguka kwenye bomba la katikati, kisha juu yake napanga wavu wa chuma na kupiga saruji. Ikikauka tunalipindua.

Mwalimu aliniachia karatasi ya vipimo: upana sentimita 240, kina 60, fokasi sentimita 60 kutoka kitakoni. Nikacheka peke yangu. Kibao cha tao cha Baba, ambacho kwacho kila tao la mtaa huu limepigwa tangu mimi sijazaliwa, kimechorwa kwa msumari mmoja na uzi wa mita moja na nusu. Nimekipima: upana 240, kina 60 kamili. Kazi imejileta yenyewe.

Baba alinitazama nikikitoa kibao ukutani. Akanong'ona, akatikisa kichwa, akanong'ona tena.

"Amesema sawa," akasema mdogo wangu, mdomoni ana pini tatu.

Nikamuuliza mbona amesema kwa muda mrefu hivyo. Akajibu kwamba wazee huzunguka.

Jumamosi, tarehe 8

Mvua imeula mchanga wote. Nimekuta kifusi. Nimetukana, kisha nikaomba radhi kwa sababu wifi, mke wa mdogo wangu, alikuwa nyuma yangu na mtoto.

Jumapili, tarehe 9

Baba alikwenda kliniki juzi na mdogo wangu. Leo ndiyo nimeambiwa. Kuna operesheni ya pili, Jumanne tarehe 29 ya mwezi ujao. Daktari amesema baada ya hapo hata huo mnong'ono tusiutegemee.

Nimeuliza Baba mwenyewe anasemaje.

"Amesema sawa."

Jumatano, tarehe 12

Turubai limefungwa, mchanga umelundikwa upya, bakuli la kwanza limepigwa saruji. Mikono inauma.

Ijumaa, tarehe 14

Mvua. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara amenisimamisha. Anasema plasta ya ukuta wa kibanda chake imepata ufa kwa chini. Nikamwambia ni udongo unavimba kwa maji, awe na subira. Sikumtazama usoni.

Jumapili, tarehe 16

Sina kazi ya kufanya leo, basi niandike jambo ambalo nimelibeba mwaka mzima.

Ukuta wa fundi viatu aliujenga Baba. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Wakati huo koo lilikuwa limeanza kumsumbua, na jicho pia, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilikuwa nakata mawe upande wa pili. Nilipoinua macho nikaona ukuta umelala nje. Hata bila timazi, ile kamba yenye uzito, ungeuona. Nikaenda nikamwambia mbele ya vibarua wawili na mwenye kibanda: "Baba, ukuta umepinda. Umezeeka, weka mwiko chini."

Alining'iniza timazi, akaitazama ile kamba na ukuta. Kisha akanigeukia akasema neno. Alikuwa upande wangu wa kushoto, na kibarua alikuwa amewasha mashine. Niliona midomo tu. Neno lilikuwa fupi. Sikumwambia arudie, kwa sababu Baba hajawahi kupenda kurudia, na kwa sababu nilikuwa na hasira. Nikaondoka. Siku mbili baadaye alilazwa, na sauti haikurudi naye nyumbani.

Kwa hiyo neno la mwisho ambalo Baba alinitamkia kwa sauti yake nzima sijui lilikuwa nini. Nimelijaribu kila namna. Siku nyingine linakuwa tusi, siku nyingine linakuwa "nenda". Kuna siku niliamka nikiwa na hakika kwamba alinikana. Na swali kama hilo nitalipitisha vipi mdomoni mwa mdogo wangu, aende akaniletee jibu kama nguo iliyofupishwa pindo?

Baba alipokuwa hospitalini niliupiga ule ukuta plasta nene, juu sentimita moja, chini sita, mpaka kwa nje ukaonekana umesimama. Nilifanya hivyo ili watu wasimcheke. Sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kuuliza.

Alhamisi, tarehe 20

Namwagilia bakuli maji asubuhi, mvua inalimwagilia jioni. Saruji inakomaa vizuri.

Jumanne, tarehe 25

Tumelipindua bakuli, watu wanane na magogo. Zuri ajabu. Ndani limelainika, ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Nilisimama nalo kama mama wa bibi harusi.

Mwalimu akaweka redio ndogo mwisho wa ua, sauti chini, akachukua kijiti cha sentimita 60 kuonyesha mahali pa kuweka sikio. Akasikiliza. Akasogea mbele, akarudi nyuma. Akaniita. Nikaweka sikio la kulia. Nilisikia mvumo, kama watu wanaoongea ndani ya nyumba iliyofungwa. Sentimita 25 kutoka kitakoni kulikuwa na kipande cha sauti, 50 kipande kingine, 75 kingine. Hakuna mahali palipokuwa na neno zima.

"Labda saruji bado mbichi," nikasema.

Mwalimu hakubishana. Alipiga magoti akapima mpindo umepanda kiasi gani kutoka kitakoni, hatua kwa hatua. "Ukitoka katikati sentimita 60, mpindo ulitakiwa uwe umepanda 15. Hapa ni kumi na mbili na nusu. Ukitoka 90, ulitakiwa 34 kasoro kidogo. Hapa ni 30." Akaniangalia kwa upole, jambo lililonikera zaidi. "Fundi, hiki ni kipande cha duara."

"Upana ni uleule," nikasema. "Kina kileile."

"Ndiyo. Kitakoni yanakutana na ukingoni yanakutana. Njiani ndiko yanakoachana."

Nilikuwa nimehakikisha mwanzo na mwisho, nikadhani katikati kutajipanga kwenyewe.

Jumatano, tarehe 26

Mwalimu amekuja na utepe wa bati linalong'aa na kipande cha boksi alichokipasua matundu membamba. Jua lilitoka kidogo. Akaukunja utepe kufuata kibao cha Baba, akausimamisha juu ya karatasi, akaupitishia mwanga kwenye yale matundu. Mistari ya mwanga iliingia imenyooka, sambamba. Ilipogonga bati na kurudi, kila mmoja ukakatiza mahali pake. Ile ya katikati mbali, ile ya pembeni karibu. Hata mtoto angeona.

Baba alisogeza kiti chake mpaka karibu na ile karatasi. Akaweka kidole pale mistari ilipotapanyika, akanitazama. Akanong'ona neno moja, akarudia. Baba, akarudia!

Mdogo wangu akasema, "Amesema sawa, utarekebisha."

Alhamisi, tarehe 27

Hii ndiyo siku mbaya.

Nilipiga hesabu: penye tofauti kubwa ni sentimita nne kasoro. Kwa nini nivunje kazi ya wiki tatu? Nitaongeza plasta kwa ndani, nene katikati ya njia na nyembamba kitakoni na ukingoni, nisugue mpaka vipimo vya mwalimu vitimie. Nilianza asubuhi. Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza robo, na vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa hata nimeanza kuimba.

Baba alitoka ndani. Alisimama mbele ya bakuli muda mrefu. Akageuka akachukua nyundo yangu ndogo kwenye karai, akagonga ile plasta mpya mara moja, siyo kwa nguvu. Ikabanduka yote, kama ganda la yai lililochemshwa, ikaanguka miguuni mwake. Akagonga tena, sasa kwenye bakuli lenyewe, ukingoni. Na tena.

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba mwaka mzima ananinunia, na sasa anakuja kunivunjia kazi mbele ya watu. Alikuwa anahema, mkono mmoja kooni, nyundo mkononi, na midomo inafanya neno lilelile fupi. Nilijua ni lilelile. Midomo ilifunga, ikafunguka, ikafunga, ikafunguka.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Anasema nini? Na usiniambie sawa!"

Futi kamba yake ilikuwa shingoni na alikuwa ameishika pande zote mbili kama mtu anayejinyonga.

"Mdogo wangu. Anasema nini?"

"Anasema bomoa." Halafu yakamtoka yote. "Jana pia alisema bomoa. Na siku ile ulipokitoa kibao, alisema hicho ni cha msumari mmoja, mwalimu amesema msumari na mstari. Alisema kamwambie dada yako asianze."

"Wewe ukaniambia sawa."

"Dada, nyinyi mkiongea wenyewe kwa wenyewe mnapigana. Nimechoka kubeba mawe kati yenu. Nikaona bora nibebe pamba."

Nilikuwa namshuku kwa mwaka mzima, nikidhani anaongeza chumvi, kwamba Baba hana ubaya ila huyu ndiye anayechochea. Kumbe alikuwa anapunguza, na akapunguza mpaka hakuna kilichobaki. Nilitaka kumpiga na wakati huohuo nilimwonea huruma. Ni mtu anayelia akikata kitambaa vibaya.

Ijumaa, tarehe 28

Nimelibomoa bakuli. Hatuongei, lakini Baba alikaa nje muda wote akihesabu vipande vya wavu vinavyoweza kutumika tena.

Jumamosi, tarehe 29

Ufa wa fundi viatu umefika usawa wa dirisha. Anasema pia rafu zake zinamwaga viatu. Nilimwambia nitakuja.

Jumatatu, tarehe 31

Mwalimu ametufundisha kuchora kwa uzi. Nimeshika uzi maisha yangu yote na sikujua kwamba unaweza kufanya hivi.

Unalaza ubao ulionyooka sakafuni. Huo ndio mstari. Unapigilia msumari sentimita 120 kutoka kwenye ubao. Hiyo ndiyo fokasi. Unachukua skwea kubwa ya mbao, yenye umbo la L, mkono wake mrefu mita moja na nusu, unaiegemeza kwenye ubao iweze kuteleza kushoto na kulia. Uzi unaukata urefu uleule wa mkono wa skwea. Ncha moja unaifunga kwenye ncha ya skwea, ya pili kwenye msumari. Penseli unaibana, uzi ukiwa umekazwa, kwenye ubavu wa skwea. Halafu unatelezesha. Penseli inapanda yenyewe.

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwita mdogo wangu kwa kidole, akanong'ona, na mdogo wangu akasema pole kwa pole, neno kwa neno, kama anasoma barua ya mahakama: "Amesema: uzi haurefuki. Unachokipata upande wa msumari ndicho kilichobaki chini mpaka kwenye ubao. Ndiyo maana ni sawasawa kila mahali. Amesema: hata mjinga anaona. Samahani Dada, ndivyo alivyosema."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na Baba alitabasamu, nimeona.

Kitako kiliangukia katikati kabisa, sentimita 60 kutoka kwenye ubao, 60 kutoka kwenye msumari. Tukageuza skwea tukachora ubawa wa pili, ukalingana na wa kwanza kama mikono ya shati. Baba akapima upana usawa wa msumari: 240, mara mbili ya umbali wa msumari na ubao. Akapima ubawa umepanda kiasi gani kutoka kitakoni. Ukitoka katikati 60, umepanda 15. Ukitoka mara mbili ya hapo, umepanda 60, yaani mara nne. Akapima tena aone kama si bahati.

Kisha utepe wa bati juu ya kibao kipya, na mwanga. Mistari yote iliingia sambamba na yote ikaenda kwenye msumari. Yote. Mwalimu akaeleza kwamba sauti nayo hufuata uzi: inayogonga katikati na inayogonga ukingoni zimesafiri urefu uleule, kwa hiyo zinafika pamoja, hakuna inayochelewa na kuivuruga nyingine. Na tukilifanya bakuli kubwa kuliko hili au dogo kama sahani, umbo ni lilelile. Parabola ni moja tu, kinachobadilika ni ukubwa.

Nilimuuliza, "Na anayenong'ona anakaa wapi?"

"Penye msumari wake. Analitazama bakuli lake, mgongo kwa mwenzake. Hawaonani."

Hapo ndipo nilipowaza. Nikamtazama Baba.

Alhamisi, tarehe 3

Mwezi mpya, mvua ileile. Malundo mawili ya mchanga chini ya turubai mbili. Bakuli la kwanza limepigwa. Baba alishika bomba la katikati lisiyumbe, saa nne mfululizo.

Jumanne, tarehe 8

La pili limepigwa.

Jumatano, tarehe 9

Mvua ya mawe. Turubai la kwanza lilijaa maji likaning'inia kama tumbo la ng'ombe. Tulilisukuma kwa mafagio, mimi, mdogo wangu na mwalimu aliyekuja mbio na viatu mkononi. Hakuna kilichoharibika.

Jumatatu, tarehe 14

Baba amekohoa usiku kucha, anasema wifi. Mnong'ono umepungua. Mdogo wangu mwenyewe sasa anaomba arudie.

Ijumaa, tarehe 18

Mabakuli yamefikishwa uwanja wa shule na yamesimama. Nimeyajengea miguu ya mawe, nikayapimia pima maji na timazi, na kamba ndefu kutoka kitako cha moja mpaka kitako cha jingine ipite penye fokasi zote mbili. Mbele ya kila bakuli nimesimika bomba lenye pete ndogo: weka mdomo hapa, weka sikio hapa.

Sijajaribu. Naogopa.

Jumanne, tarehe 22

Ufa umepita dirisha. Nimeweka mihimili miwili ya mbao kuuegemeza ukuta na nimemwambia fundi viatu atoe mali yake yote nje. "Si ulisema ni udongo?" akauliza. Nikamwambia nilidanganya. Alinitazama, akaanza kutoa viatu.

Ijumaa, tarehe 25

Shule imefungwa leo. Watoto walipanga foleni kwenye mabakuli tangu asubuhi, wakatukanana kwa furaha kutoka hatua thelathini, na mwalimu mkuu aliyetaka kuonyesha mfano alitangaziwa na bakuli kwamba suruali yake imepasuka. Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alimshonea hapohapo.

Saa tisa watoto wakaenda kwao. Nilimwambia mdogo wangu ampeleke Baba kwenye bakuli la upande wa lango, akae penye pete, kisha yeye aondoke, aende mbali. Akauliza, "Nani atakuwa anasikiliza kati yenu?" Nikamwambia hakuna.

Nikakaa kwenye bakuli langu. Mbele yangu saruji ya kijivu, nyuma yangu uwanja mzima. Nikaweka mdomo penye pete.

"Baba. Unanisikia?"

Nikageuza sikio la kulia. Nikasubiri. Nilisikia majani, mlango wa darasa, halafu kitu kama mtu anayepangusa vumbi juu ya bati. Halafu, karibu kabisa, ndani ya sikio langu:

"Nakusikia. Usipige kelele."

Ilikuwa ni yeye. Hakukuwa na sauti ndani yake, pumzi tupu, lakini ule ukali wake ulikuwemo, na namna anavyokata neno mwishoni. Mwaka mzima. Nililia pale, na nikashukuru kwamba nimempa mgongo.

"Siku ile kwenye ukuta wa fundi viatu," nikasema. "Nilikuambia uweke mwiko chini. Ukanijibu neno. Sikulisikia, Baba. Ulisema nini?"

Nikageuza sikio, nikasubiri. Nikadhani ameondoka. Nikadhani saruji imenikatalia.

"Bomoa," akasema.

Nikalishika bomba lenye pete.

"Nilipima, nikaona umesema kweli. Nikasema bomoa; nilitaka, mama, tuanze upya. Ukaniacha na timazi mkononi." Akapumua. "Nikatoka hospitali nikakuta umeupaka plasta. Nikasema, basi. Ameona mimi hata kosa langu siwezi kulirekebisha."

"Nilikuwa nakuficha, watu wasikucheke."

"Unifiche kwa nani? Mtaa mzima unajua ukuta umepinda. Rafu zinamwaga viatu."

Nilicheka na makamasi. Nikamwambia nisamehe. Nikalisema mara mbili, kwa sababu sikuwa na hakika kama la kwanza lilifika. Kumbe yalifika yote.

"Nimesikia. Na mimi ningekuja kukuambia. Nilikuwa naona haya, hii sauti." Kisha akauliza: "Umesikia nilichosema siku ile?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Umesema tubomoe, tuanze upya."

"Lini?"

"Kesho, Baba."

Tulikaa pale mpaka mdogo wangu akaja kuuliza kama tumelala. Mengine tuliyosema yalikuwa ya kawaida. Aliniuliza saruji nilichanganya moja kwa ngapi.

Jumamosi, tarehe 26

Mvua haikunyesha. Saa moja asubuhi tulikuwa kwa fundi viatu, mimi na nyundo kubwa, mdogo wangu na toroli ya kuazima, Baba na kiti chake. Niliitoa mihimili, nikampa Baba nyundo agonge pigo la kwanza. Aligonga. Plasta yangu ilishuka yote kwa wakati mmoja, na nyuma yake ukuta wake ukaonekana, umelala nje kama alivyouacha. Tuliutazama kidogo, watu wa mtaa nao wakautazama. Hakuna aliyecheka. Nikaubomoa.

Mchana tukasafisha msingi, tukaanza mstari wa kwanza wa matofali. Mwalimu alipita, akasimama, akanirushia tofali moja kutoka kwenye lundo. Lilipanda, likainama, likanifikia mkononi. Wote wawili tulilitazama njia yake yote.

Nilipomaliza mstari wa pili Baba aliinuka kwenye kiti, akaning'iniza timazi, akafumba jicho moja. Jumanne anaingia chumba cha operesheni. Akanong'ona. Hapa hakuna bakuli, na sikusikia kitu.

Nikamtazama mdogo wangu. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Amesema tofali la tatu limetoka nje kidole kimoja," akasema. "Amesema litoe."

Nikalitoa.